Tulivyojifunza Kubisha Hodi Japani



Jirani yangu mmoja ana gari dogo alilolitoa bandarini miaka mitano iliyopita, na kila asubuhi alitiapo ufunguo husikika sauti ya mwanamke ikimwambia maneno ya Kijapani, kwa upole na heshima kubwa. Watoto wa madrasa walikwisha kuyahifadhi maneno hayo wakawa wanayaiga kama kasuku. Sote tulidhani ni salamu. Mimi mwenyewe nilipata kusema barazani kwamba huenda ni maneno ya kumtakia dereva safari njema. Binti yangu alipoolewa akafuatana na mumewe Japani, na lugha ikaanza kumwingia, ndipo alipotufumbulia fumbo: mwanamke yule anasema kwamba kadi ya kulipia barabara kuu haijatiwa mahali pake. Miaka mitano amdai jirani yangu kadi, naye humwitikia kwa kicheko!

Kisa hicho kilinirudia mwaka jana, tulipopata habari kuwa binti huyo ana mimba ya kwanza. Wasomaji wetu wajua desturi ya pwani: mimba ya kwanza mwana hurudi kwa mamake, akajifungua kule na akakaa arobaini yake. Nilistaajabu kusikia kwamba Wajapani nao wana desturi iyo hiyo, na wana jina lake, satogaeri, yaani kurudi kijijini kwa wazazi kwa ajili ya kuzaa. Lakini yeye hakuweza kuja. Mumewe anasomea uhandisi katika mji wa Kobe, kliniki ilikwisha kumwandikisha, na safari ile ni ndefu kwa mwenye mimba. Basi ikawa mama ndiye atakayekwenda kwa mwana.

Mama watoto hakuwa amepata kutoka nje ya nchi ila kwenda Hija, na kule tulikuwa kikundi, kila hatua kuna wa kutuongoza. Safari hii ningempeleka, nikae naye siku chache, kisha nirudi kwenye madrasa yangu. Mkwe wetu hutoka asubuhi na kurudi usiku. Kwa hiyo mchana kutwa angekuwa yeye, mzazi aliye kitandani na mtoto mchanga, katika mji ambao hakuna amjuaye wala asikiaye lugha yake. Usiku mmoja aliniuliza, "Babake, na mtoto akishikwa na homa mchana, nitamwambia nani, na nitasemaje?" Nikamjibu kama tujibuvyo masheikh, kwamba amtegemee Mwenyezi Mungu. Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Na ngamia hafungwi kwanza?" Sikuwa na la kumjibu.

Tukaanza masomo. Kwa miezi mitatu, kila siku baada ya swala ya alfajiri, binti alitupigia simu. Kule ilikuwa imekaribia adhuhuri, kwani Japani imetutangulia kwa saa sita kamili. Hapo tuligundua jambo lililompendeza sana mama watoto. Sisi twahesabu saa kwa Kiswahili, na tofauti yetu na saa za Kizungu ni sita vilevile. Saa ya ukutani kule ikionyesha moja, huku Mombasa ni saa moja ya Kiswahili! Yeye hakuhitaji kujumlisha wala kutoa. Aliitazama saa ya Kobe, akajua kwetu watu wanafanya nini.

Katika lugha nilidhani nitampita mke wangu kwa mbali. Matamshi ya Kijapani ni mepesi kwetu, kwani irabu zao ni tano kama zetu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. (Yapo maneno yao ambayo kwetu ni matusi makubwa; mojawapo ni jina la dubu, nami sitaliandika katika gazeti la nyumbani.) Tena wana madda na shada. Ukisema obasan umemwita mwanamke shangazi. Ukiivuta irabu ya pili, obaasan, umemwita bibi kizee. Ukisema kite umemwambia mtu njoo. Ukitia shada, kitte, umetaja stempu ya barua. Mwenye kusomesha tajwidi hawezi kushindwa na hayo, na kwa wiki mbili nilitamba.

Kisha yakaja maandishi, nikanyamaza. Binti alisisitiza kwamba mamake hataweza kwenda dukani peke yake asipojua alama za nguruwe na pombe, kwani bidhaa nyingi zimeandikwa Kijapani kitupu, na vitu hivyo hutiwa hata pale mtu asipodhania: mafuta ya nguruwe ndani ya mkate au biskuti, na mvinyo mtamu wa kupikia uitwao mirin ndani ya mchuzi. Mimi niliyeandika khati za Kiarabu tangu utotoni sikuweza kuzishika alama hizo. Mama watoto huwachora maharusi piko na hina. Aliitazama alama ya pombe mara moja akasema, "Hii ni matone matatu ya maji ubavuni mwa mtungi." Binti akacheka kwa furaha, kwa kuwa hivyo ndivyo ilivyoundwa: upande wa kushoto maji, upande wa kulia chombo cha pombe. Akaichora kiganjani, akaichora kwenye karatasi za kufungia vitumbua, hata mkono wake ukaizoea. Ya nguruwe ilimchukua siku tatu. Mimi mpaka leo naitambua nikionyeshwa tu.

Suala la kuinama lilinikalia kooni. Wajapani husalimiana kwa kuinamiana, na anayeheshimiwa zaidi huinamiwa zaidi. Ipo hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas, r.a., ambamo Mtume s.a.w. aliulizwa kuhusu mtu kumwinamia nduguye anapokutana naye, naye akakataza. Nilijiambia, basi tutaonekana watu wakavu, wasio na adabu. Binti akaniambia, "Baba, hawakungoji uiname kama wao. Wakungoja usimame, unyamaze, uwatazame kwa heshima kabla ya kusema." Tukakubaliana juu ya kuweka mkono kifuani na kutikisa kichwa kidogo, kama tufanyavyo tumsalimiapo mtu aliye mbali. Siku zote nilizokaa kule sikuona aliyechukizwa. Na kwa kina mama lipo la faraja zaidi: kupeana mikono si mazoea yao, wala dukani muuzaji hapokei pesa mkononi mwako. Kuna kisahani juu ya meza ya malipo. Wewe waweka pesa humo, naye arudisha chenji humo humo. Mama watoto alilipenda jambo hilo kuliko yote, kwa jinsi anavyotaabika na makondakta wa hapa kwetu.

Nyumba zao huingiwa bila viatu. Hilo kwetu si geni, lakini lina ufundi wake. Mlangoni pana sakafu ya chini iitwayo genkan. Wavua hapo, wapanda sakafu ya juu bila kukanyaga tena ya chini kwa soksi, kisha wageuza viatu vielekee nje ili kutoka kuwe kwepesi. Ndani mna ndara, na chooni mna ndara nyingine zisizotoka humo kabisa. Palipotandikwa mikeka yao, tatami, huingii hata na ndara. Mama watoto alipoelezwa hayo alisema hawa watu wangeweza kuozwa Lamu bila kufundwa. Ama choo, nilikuwa nimejitayarisha na chupa yangu ya maji kama msafiri yeyote ajuaye nchi za ughaibuni. Sikuihitaji. Vyoo vingi vina bomba dogo la kusafishia kwa maji, lenye vitufe ubavuni. Kampuni ya TOTO iliyaanza kuyauza mwaka 1980. Lililobaki ni kujifunza kitufe kipi ni kipi kabla ya kukibonyeza, na msomaji aniamini kuwa somo hilo lafaa kusomwa mapema.

Katika kula, wengi wetu huogopa vijiti. Hivyo vyaweza kuepukwa, kwani hakuna akukatazaye kijiko. Muhimu ni makatazo mawili: usivisimamishe vijiti ndani ya wali, na usimpe mtu chakula kwa vijiti naye akakipokea kwa vijiti vyake. Yote mawili ni mambo ya msiba. Wali uliochomekwa vijiti huwekewa maiti, na wao wakiisha kuchoma maiti, jamaa huokota mifupa na kuipokezana kwa vijiti. Ukilifanya hilo kwa mzaha mezani, umewaletea msiba nyumbani kwao.

Taka nazo! Niliona mke wangu akitokwa na machozi juu ya karatasi ya ratiba ya taka. Za kuchomeka zina siku zake, plastiki siku zake, chupa na makopo siku nyingine. Mfuko ni ule uliotajwa na mji wenyewe, nao hununuliwa dukani. Mfuniko wa chupa huvuliwa, karatasi yake hubanduliwa, chupa huoshwa. Ukikosea, mfuko wako huachwa pale pale na karatasi ya kueleza kosa, nao majirani wakapita wakauona. Kobe ni nafuu, kwani katika mji mdogo wa Kamikatsu, kisiwani Shikoku, taka hugawanywa mafungu zaidi ya arobaini. Na njiani hakuna mapipa. Taka yako utatembea nayo mpaka nyumbani. Nilipofika na kuona njia zilivyo nyeupe, nilikumbuka mitaro yetu ya Mombasa na kuona haya, sisi tuliofundishwa kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani.

Kuhusu mizigo, ni afadhali niseme kwa mkato yale yaliyotugharimu. Nyama haiingii Japani bila cheti, hata iliyopikwa. Sambusa za mama watoto, alizozigandisha kwa mahaba, zilibaki kwa dada yake, na maembe vilevile. Dawa za daktari zinazozidi matumizi ya mwezi mmoja huombewa cheti kabla ya safari. Yeye ana presha, na viza ya siku 90 huhitaji dawa za siku 90, kwa hiyo maombi yale yalitumwa mapema. Umeme wao ni volti 100, na plagi ni ya pini mbili bapa. Birika lake la umeme lingekuwa pambo tu.

Jambo la mwisho katika masomo lilikuwa majirani. Binti alimwambia mamake kwamba ukuta wa fleti ni mwembamba, mtoto atalia usiku, na desturi njema ni kwenda kubisha mlango wa kila jirani kabla, ukaomba radhi kwa usumbufu usiokuwapo bado, ukatoa zawadi ndogo kwa mikono miwili. Mama watoto alinunua pakiti nne za kahawa ya Kenya. "Si nne, Mama," binti akasema, "wala usimpe mtu vitu vinne." Tamko moja la nne kwao ni shi, na shi ni mauti pia. Mimi siziamini fali hizo, wala dini yetu haikuziruhusu. Lakini kumzawadia mjamzito wa watu kitu ambacho yeye akisikia humkumbusha kifo, hiyo ni adabu ya wapi? Tukachukua tano.

Tulifika mwezi wa Oktoba. Kobe ni mji wa bandari, milima nyuma na bahari mbele, na mtu wa Mombasa hajisikii mgeni sana akiona meli. Mkwe alitupokea uwanja wa ndege wa Kansai, uliojengwa baharini juu ya kisiwa cha kutengenezwa. Siku tatu za kwanza tulikuwa wanafunzi tena. Tulipanda treni kwa kadi iitwayo ICOCA, watu kimya, hakuna aongeaye na simu. Katika baadhi ya njia lipo behewa la wanawake peke yao, na alama yake ya waridi imechorwa chini pale unaposimama kungoja. Binti alivaa beji ya wajawazito ili apishwe kiti. Kwenye ngazi za umeme watu husimama kulia, ilhali Tokyo husimama kushoto. Kibla nacho kiligeuka: kwetu twaelekea kaskazini, na kule ni magharibi, kidogo kaskazini.

Msikiti wa Kobe ulifunguliwa mwaka 1935, nao ulisalimika na mabomu ya vita mwaka 1945. Ukasalimika pia na tetemeko la ardhi la tarehe 17 Januari 1995, lililopiga alfajiri, saa kumi na moja na dakika 46, na kuua watu zaidi ya 6,400. Baada ya tetemeko hilo msikiti ulikuwa makazi ya waliokosa pa kulala. Jirani na msikiti yapo maduka ya nyama ya halali, na mama watoto alijifunza njia ya kuyaendea kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa ajili ya tetemeko hilo, binti alikuwa amemfundisha mamake maneno ya hatari kabla ya maneno ya karamu. Jishin ni tetemeko. Kaji ni moto. Tasukete, nisaidieni. Ardhi ikitikisika, ingia chini ya meza, ukilinde kichwa. Ikitulia, fungua mlango usije ukakwama. Mfuko wenye maji, tochi, dawa na nepi ukae karibu na mlango. Ambulensi na zimamoto ni 119, polisi ni 110. Mama watoto aliandika yote hayo kwa hati zetu kwenye kadi, akaitia ndani ya buibui.

Mtoto alizaliwa siku ya tano tangu kufika kwetu, wa kike, alhamdulillahi. Mkwe alikuwa amewapa hospitali mapema karatasi ya Kijapani yenye kueleza vyakula tusivyokula na ombi la daktari wa kike. Chakula walikishughulikia kwa uangalifu; daktari wa kike hakupatikana usiku ule, na walitueleza tangu mwanzo kuwa hawawezi kuahidi. Akika tulichinja Mombasa.

Siku ya saba iliangukia Ijumaa. Mimi na mkwe tulikwenda msikitini. Mama watoto, aliyekuwa amekumbuka vijiti, viatu, taka na pakiti za kahawa, aliona sasa mzazi wake na mjukuu wafukizwe kama inavyostahili. Katika masomo yote ya miezi mitatu hakuna aliyekumbuka kumwambia habari ya moshi. Aliwasha makaa ndani ya chetezo alichotoka nacho nyumbani, akatia udi. Hapo dari ikasema. Nyumba zote za Japani zatakiwa kisheria kuwa na king'ora cha moto, na chao kilikuwa cha kusema kwa sauti ya mwanamke, sauti ya upole kama ya lile gari la jirani yetu: kaji desu, kaji desu.

Aliielewa. Hakumngoja bintiye, aliyekuwa akinyonyesha. Alitoa chetezo nje kwenye kibaraza, akamwagia makaa maji, akafungua madirisha, akavaa mtandio wake, akatoka akasimama mlangoni pa jirani wa ubavuni na kubisha. Alifunguliwa na mwanamke wa makamo ya sabini hivi, aliyekwisha kushika simu mkononi. Mama watoto akaweka mkono kifuani, akasema, "Sumimasen. Kaji, hapana," kisha Kijapani kikamwishia, akaonyesha kwa mikono moshi unaopanda, na pua inayonusa. Yule mama alivuta pumzi. Akasema neno moja, jinko, akaiweka simu.

Jinko ni udi. Sikulijua hilo mpaka niliporudi msikitini nikawakuta wote wawili wamekaa kwenye genkan, kila mmoja akisema lugha yake, na binti akiwafasiria kwa sauti kutoka chumbani. Ng'ambo ya mlango wa bahari, mbele ya Kobe, kipo kisiwa cha Awaji, ambako hutengenezwa sehemu kubwa ya ubani wa Japani. Tarehe yao ya kale, Nihon Shoki, yasema kwamba mwaka 595 gogo lilielea likapwelewa kisiwani humo. Watu wakalitia motoni wakidhani ni kuni, wakasikia harufu yake, wakalitoa na kulipeleka kwa mtawala. Lilikuwa gogo la udi. Siku mbili baadaye mama yule alituletea kijisanduku cha vijiti vya Awaji visivyo na moshi mwingi. Nilimwuliza mkwe wangu faraghani kama ni vile viwekwavyo mbele ya masanamu. Akasema kwamba hivi ni vya kunukisha chumba tu, nikavipokea.

Nilirudi Mombasa wiki ile iliyofuata, na moyo wangu haukuwa na wasiwasi niliotoka nao. Yeye alibaki mpaka arobaini ikatimia na siku zake za viza zikakaribia kwisha. Mtoto alipata homa mara moja, mchana, kama alivyohofu. Mama watoto alikwenda mlango ule ule wa jirani, wakapelekwa kliniki kwa teksi, na jioni aliponisimulia nilikuwa nikinywa kahawa barazani, saa ya Kobe na saa yangu zikisoma sawa.

Sasa yupo mama mmoja wa mtaa wetu, ambaye mwanawe wa kiume ameoa na kuhamia Nagoya. Atasafiri baada ya Idi. Huja kwetu kila Alhamisi alasiri, nami hutolewa barazani kwangu. Jana niliwachungulia. Alikuwa ameunyosha mkono, na mama watoto anamchorea piko kiganjani: matone matatu ya maji, ubavuni mwa mtungi.